Bastola kwa Mkono wa Msusi

Jumapili, 15 Septemba 2024

Bajeti ni dola 450, basi. Kodi ya mauzo hapa Houston ni asilimia 8.25, kwa hiyo bastola yenyewe ikivuka 415 nimeshatoka nje ya mstari, na hapo sijahesabu risasi za mazoezi wala kasha la kufungia. Naandika mapema ili nikifika mbele ya kabati la kioo la muuzaji nisipofuke macho.

Sababu nazijua, ila niziweke kwenye karatasi kabla hazijaanza kuota mbawa. Saluni inafungwa saa nne usiku, siku nyingine saa tano, maana rasta ndogo za kufika kiunoni haziishi mchana mmoja. Wateja wengi wanalipa taslimu. Tangu kimbunga Beryl kipite tarehe 8 Julai na mtaa wetu kukaa gizani siku kadhaa, jirani wa duka la simu ameshavunjiwa mlango zaidi ya mara moja. Baba Watoto yuko barabarani na lori nusu ya mwezi. Ndizo hizo, hakuna nyingine.

Ninayoitaka ni ndogo, ya milimita 9. Siyo kwamba risasi hiyo ina ajabu. Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa kuwa dunia nzima inaitumia, ndiyo nafuu kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi. Kwa bei nilizoziona wiki hii, Hi-Point C9 haifiki 200, Taurus G3C kama 270, Ruger Security-9 kama 350. Smith & Wesson Shield Plus inagusa 450 kabla ya kodi. Glock 19 hata ikiwa kwenye punguzo ni 540; hiyo tuisalimie kwa mbali.

Jumanne, 17 Septemba

Baba Watoto amepiga simu kutoka Oklahoma. Nimemweleza. Akanyamaza kidogo, kisha: “Mama Watoto, kama unanunua, nunua kitu cha kueleweka. Glock 17.” Nikamuuliza nitaiweka wapi, kwenye mkoba wa masega? Rahisi kwake kusema. Yeye mwenyewe hathubutu kutembea nayo kwenye lori, maana ruhusa ya Texas haina kazi California wala New York.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nimezishika. Karatasi ya bei niliyokwenda nayo imebaki mkobani.

Kuna adabu yake. Muuzaji anatoa magazini kwanza, anavuta slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, anachungulia chemba, anaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha ni tupu, ndipo anakukabidhi ikiwa wazi. Nawe ukipokea unarudia yote kana kwamba hukumwona. Nimeipenda hiyo. Hakuna anayekasirika kwamba hukumwamini.

Nimeanza na Taurus G3C. Inakaa vizuri kiganjani, gramu 620 na kitu, mpini una ukali unaoshika ngozi. Akaifunga, akaniambia niikoki. Nikavuta. Slaidi ikaja nusu, kidole gumba cha kushoto kikapiga kelele, ikaponyoka na kurudi. Nikabadilisha, nikaikamata kwa ngumi nzima kutoka juu, nikasukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia kama alivyonielekeza. Ikaja, lakini kwa shida, na mara ya pili haikuja kabisa. Shield Plus hivyo hivyo. Miaka yangu ya kusuka imekaa kwenye fundo la kidole gumba. Asubuhi za baridi siwezi hata kufungua chupa ya mafuta ya nazi.

Muuzaji, kijana mpole, akaniletea ya rangi ya waridi. Nikamwambia rangi siyo iliyokuwa inagoma. Akaleta rivolva ndogo, akasema hiyo haina slaidi ya kuvuta. Kweli haina, lakini kifyatulio chake ni kizito na kirefu, mpaka nilipomaliza kukivuta mtutu ulikuwa umeshahama ukutani kwenda dirishani. Nimeirudisha.

Mwisho akainama kwenye kabati la chini akatoa Smith & Wesson Shield EZ. Slaidi ikaja. Ikaja tena. Muuzaji akacheka, mimi pia. Mpya ni dola 430.

Jumapili, 22 Septemba

Nimetaka kujua kwa nini ndogo ndiyo ngumu. Jibu ni la kifundi na halina siri. Risasi ikilipuka, slaidi inarushwa nyuma na lazima izuiwe na springi. Slaidi ya bastola kubwa ni nzito, uzito wenyewe unasaidia kuituliza. Ukiifupisha na kuipunguza uzito, kazi yote inaangukia springi, kwa hiyo wanaweka springi kali. Teke nalo linaongezeka, maana risasi ni ileile ila chuma cha kulipokea kimepungua. Kwa hiyo anayemshauri mwanamke mwenye mkono dhaifu achukue iliyo ndogo kuliko zote anampa iliyo ngumu kukoki na kali kupiga. Ushauri huo nimeusikia kwa watu wote niliowauliza isipokuwa mmoja.

Huu wingi wa bastola ndogo wenyewe ni wa juzi. Glock 17 ilitoka Austria mwaka 1982 kwa ajili ya jeshi lao, ikiwa na fremu ya plastiki ngumu watu wakaicheka. Mwaka 1988 ikaja Glock 19, fupi kidogo, ya risasi 15, na ndiyo iliyokuwa kipimo cha bastola ya wastani kwa miaka 30. Kisha 2018 SIG Sauer wakatoa P365, mtutu wa inchi 3.1 na risasi kumi ndani ya kitu cha kuenea kiganjani, na kila kiwanda kikakimbilia huko. Shield Plus ya 2021 inabeba hadi 13. Uturuki na Brazili wameingia wakashusha bei, na mnunuzi wa dola 300 leo anapata alichokikosa mnunuzi wa 500 wa zamani.

EZ inakwenda kinyume na mkumbo huo. Ina nyundo iliyofichwa ndani, springi laini, na inabeba risasi nane tu. Ni ndefu kuliko nilivyotaka.

Alhamisi, 26 Septemba

Mteja wangu wa Alhamisi, mumewe ni askari magereza. “Kwa nini uumie? Mpe shemeji yako hela, yeye anapata punguzo la maaskari, atakuchukulia hata Glock 19.” Nimeshukuru. Usiku nimesoma, nikafuta wazo lote.

Kuna kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, uamuzi umetoka Juni 2014. Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, alichukua hundi ya mjomba wake ya dola 400 akaenda kumnunulia Glock 19, ileile, kwa sababu ileile ya punguzo. Mjomba hakuwa mhalifu. Alipita uchunguzi kwa jina lake alipokabidhiwa. Bado majaji watano dhidi ya wanne walisema Abramski alidanganya kwenye fomu 4473, inayokuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kumpa mtu bastola zawadi kwa hela yako ni halali. Kuchukua hela yake na kujiandika wewe ni kosa la jinai la shirikisho. Mimi nina kadi ya kijani. Dola 80 za punguzo hazinirudishi Tanga.

Jumatatu, 30 Septemba

Mama wa Uvira alikuwa kwenye kiti leo. Amekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Houston, na wajukuu zake wawili wamezaliwa hapa. Karatasi yangu ya bei ilikuwa mezani, yenye picha. Ameitazama kwenye kioo bila kugeuka.

“Mama, ukileta iyo kitu humu, miye sirudi tena. Nimeiona mingi kwetu.”

Sikumjibu kitu cha maana. Nimeendelea kusuka. Sheria ya Texas inaniruhusu kuwa na bastola kwenye biashara yangu mwenyewe, sihitaji kumwomba mtu. Lakini sheria haikai kwenye kiti changu saa sita mfululizo ikinipa mgongo na shingo. Na droo ninayoifikiria ni ile ya masega, ambayo watoto wa wateja huifungua wakitafuta pipi.

Nimeamua: haitalala saluni. Nitakuwa nayo mwilini, au itafungwa nyumbani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Uwanja wa shabaha. Ukumbi mrefu wenye vyumba vidogo vya kusimamia, baridi ya kiyoyozi, harufu ya baruti. Nimekodi EZ na G3C, nimemlipa mwalimu wa saa moja, mama wa makamo aliyestaafu upolisi. Masikio yamezibwa mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu, na bado mlipuko wa kwanza kutoka chumba cha jirani umenishtua mpaka mabegani.

Kanuni zake ni zilezile zinazofundishwa nchi nzima: hesabu kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu, kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga, jua kilichopo nyuma ya shabaha. Amenifanya nizirudie kwa sauti, mimi mama mzima, kisha tukaanza.

EZ ina kitufe kirefu nyuma ya mpini ambacho lazima kiganja kikikandamize ndipo ifyatuke. Magazini yake ina vichomozo vya kuvuta chini kwa vidole, risasi inaingia bila kukuvunja kucha. Hilo peke yake linalipia kitu. Kwa umbali wa yadi saba, risasi zangu za kwanza zimekwenda chini kushoto, karibu zote. Nikasema bastola haijanyooka. Mwalimu hakubishana. Akaichukua magazini, akanipa mgongo, akaijaza upya, akairudisha. Nikafyatua: moja ikalia, ya pili ikalia, ya tatu ikasema “ti” tu, na mtutu ukainama wenyewe kama inchi nzima, mbele ya macho yangu, bila mlipuko wowote. Alikuwa amechanganya risasi za bandia. Ule mwinamo ni mkono wangu unaojihami kabla teke halijaja. Tumerudia hivyo mpaka mtutu ukaanza kutulia kwenye zile za bandia, na matundu yakaanza kupanda kuelekea katikati.

G3C amenikokia yeye. Inapiga vizuri kuliko bei yake, sina la kuisema vibaya, na kifyatulio chake kina pumzi mbili ndefu ambazo nilizizoea haraka. Lakini bastola ya kukokiwa na mtu mwingine siyo yangu. Ikikwama njiani, na zote hukwama siku moja, nani atanifungulia?

Ganda moja la moto limeingia kwenye ukosi wa blauzi. Mara nyingine nivae fulana ya shingo nzima. Na mwalimu amenikumbusha risasi ni madini ya risasi: nioshe mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula, nguo zifuliwe peke yake. Kwangu mimi ninayeingiza vidole kwenye vichwa vya watu, Jumapili sisuki baada ya uwanja bila kuoga kwanza.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimesoma habari za bastola zilizorudishwa viwandani. Anayetafuta bei nafuu aanze na hapa.

Taurus: mwaka 2015 walikubali kutoa hadi dola milioni 39 kumaliza kesi ya wateja kuhusu bastola karibu milioni moja, madai yakiwa kwamba baadhi zinaweza kufyatuka zikianguka. Hawakukiri kosa. Ni matoleo ya zamani, kama PT-111 Millennium na 24/7. G3C ya mwaka 2020 haimo. Lakini zile za zamani ndizo zinazozunguka kwenye maduka ya rehani kwa dola 180, na mtu asiyejua ataona jina tu.

Nisidhani ni ugonjwa wa bei ya chini. SIG P320 ilichaguliwa na jeshi la Marekani Januari 2017, na Agosti mwaka huohuo kampuni ikaanza kuwafanyia wateja marekebisho baada ya majaribio kuonyesha ikianguka kwa pembe fulani inafyatuka. EZ yangu nayo imo: Novemba 2020 Smith & Wesson waliziita Shield EZ za milimita 9 zilizotengenezwa kati ya 1 Machi na 31 Oktoba mwaka huo, kwa sababu ya nyundo zilizoweza kupata nyufa. Kwa hiyo nikinunua iliyotumika, namba iliyochongwa kwenye fremu inakwenda kiwandani kuulizwa kabla hela haijatoka.

Hi-Point nimeiondoa, bila chuki. Inatengenezwa Ohio, inapiga, na wanaoicheka wengi hawajaishika. Lakini haina mfumo wa kufunga mtutu, inategemea uzito wa slaidi tu, ndiyo maana ina gramu zaidi ya 800 kwa risasi nane. Kwenye mkoba wangu hiyo ni tofali.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Mwalimu. Nimempigia mdogo wangu Korogwe. Nilipomwambia ninachotafuta: “Dada, kwani huko mnanunua silaha kama mnanunua cherehani?” Kwake yeye, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, mtu anaanza na kujieleza kwa viongozi wa mtaani na polisi, aseme anaihitaji kwa nini, na akikubaliwa bado silaha hiyo inabaki kwenye daftari la serikali. Hapa Texas hakuna daftari la jimbo.

Nimekumbuka jambo limenichekesha. Nilipoanza kazi hii, kusuka nywele kulihitaji leseni ya jimbo. Iliondolewa mwaka 2015. Leseni ya lazima ya kutembea na bastola iliondolewa 1 Septemba 2021, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha kisheria. Kupaka rangi kucha za watu bado ni leseni.

Jumapili, 20 Oktoba

Kijana wangu ana miaka 15. Leo nimekaa naye. Kabla sijafika mbali akaniambia, “Mama, nimeona karatasi zako.” Ameona, na anajua tofauti ya G2C na G3C kuliko mimi.

Hili ndilo lililonichukua wiki nzima. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 48,800 kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Watu wakiongea bastola wanaongea mwizi. Mimi nina mtoto wa darasa la tisa ambaye mwaka jana alikaa chumbani miezi kadhaa haongei na mtu baada ya rafiki yake kuhama. Alipita salama. Silaha haikuwepo ndani. Siwezi kuandika hesabu ya bastola na kuliruka hilo.

Texas inamfanya mkosaji mtu mzima anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Sheria ipo, ila sheria inakuja baadaye. Kasha linakuja kabla.

Nilikuwa navutiwa na kasha la alama za vidole, linafunguka haraka gizani. Nimesoma kwamba Oktoba 2023 Fortress Safe walirudisha makasha kama 61,000 ya aina hiyo, baada ya kubainika yanaweza kufunguliwa na kidole cha yeyote, na mtoto wa miaka 12 alikufa kwa bastola iliyotoka ndani ya mojawapo. Basi. Nimechagua la vitufe vitano vya chuma, halina betri wala umeme, linafungwa kwa boliti sakafuni mwa kabati. Dola 179. Limekwishaagizwa, kabla ya bastola. Namba tutazijua watu wawili, na kijana nimemwambia usoni kwamba yeye si mmojawapo. Hakukasirika, au alificha vizuri.

Jumanne, 5 Novemba

Uchaguzi. Wateja wawili wamekuja na stika za “nimepiga kura” kifuani. Mimi mwenye kadi ya kijani siruhusiwi kupiga kura, lakini naruhusiwa kununua bastola leo hii mchana. Dada mwingine aliye hapa kwa viza ya masomo hana kura wala bastola, isipokuwa kwa mianya michache kama leseni ya uwindaji. Na bangi: fomu inauliza, na hata kama jimbo unakotoka wameihalalisha, kwa sheria ya shirikisho mtumiaji haruhusiwi kumiliki. Kuna watu wanatia alama “hapana” huku wananuka moshi.

Jumamosi, 16 Novemba

Darasa la leseni. Si lazima tena, ada ya jimbo ni dola 40, na nimeichukua kwa sababu ya saa zile za kukaa na kusikiliza. Tumejifunza mabango: 30.06 inazuia kubeba kwa kificho, 30.07 inazuia kubeba waziwazi, na asilimia 51 yenye rangi nyekundu maana yake hapa ni baa, usiingie nayo kabisa. Mtihani wa kulenga ni risasi 50 kwa yadi 3, 7 na 15, alama 250, kufaulu ni 175. Nimefaulu kwa EZ ya kukodi. Za yadi 15 sizitangazi.

Sehemu ya sheria ya kutumia nguvu ndiyo iliyonikera. Texas haikulazimishi kukimbia kwanza, na kwa masharti fulani inakuruhusu kutumia nguvu ya kuua kulinda mali usiku. Wanaume wawili nyuma yangu walifurahi. Mimi nimeandika pembeni: taslimu ya droo nampa. Kwa dola mia tatu za rasta simpigi mtoto wa mtu. Bastola ni kwa anayenifuata nikiwa nimeshampa.

Tangu mwezi uliopita nimebandika mlangoni kwamba tunapokea malipo kwa simu, na baada ya saa mbili usiku hatupokei taslimu. Wawili tu wamelalamika.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku ya mapunguzo. Foleni ilianzia mlangoni. Glock 22 zilizotumiwa na polisi zilikuwa zimepangwa kwenye meza, dola 299. Historia yake ni fupi: baada ya mapambano ya Miami ya 1986 ambapo FBI walipoteza watu, wakatafuta risasi kubwa zaidi, ikazaliwa .40, ndiyo inayotumiwa na Glock 22 hizi, mwaka 1990, polisi wengi wakahamia huko. Muongo uliopita FBI wakarudi kwenye milimita 9, polisi wakawafuata, na sasa za .40 zinamwagwa sokoni. Bastola nzuri kwa bei hiyo, ila teke ni kali zaidi na risasi ni ghali zaidi. Nimepita.

EZ iliyotumika ilikuwa dola 329, na magazini mbili. Nimeikoki mwenyewe mbele ya watu. Nimetazama mtutu kwa tochi, nimetazama nyundo, nimesoma namba kwa simu nikiwa palepale, nikajibiwa haimo kwenye zile za 2020. Nimejaza fomu 4473, nimeandika namba yangu ya uhamiaji, nimetia sahihi. Mfumo wa uchunguzi wa FBI unafanya kazi tangu 30 Novemba 1998. Ijumaa kama hii ya mwaka 2017 ulipokea maombi zaidi ya 203,000. Wengi hujibiwa kwa dakika. Mimi nimejibiwa “subiri”. Jina langu wanalo wanawake nusu ya pwani ya Tanga.

Muuzaji akasema zikipita siku tatu za kazi bila jibu, sheria inamruhusu kunipa. Nimemwambia nitangoja jibu lenyewe. Mfumo unajua tu ulichoambiwa: aliyeua watu kanisani Sutherland Springs mwaka 2017 alikuwa na hukumu ya kupiga mke na mtoto, Jeshi la Anga halikuiandikisha, akapita uchunguzi na kuuziwa bunduki. Nataka yangu iwe na jibu.

Jumanne, 3 Desemba

Jibu limekuja saa nane mchana: endelea.

Bastola na kodi yake ni 356. Kasha, darasa, leseni na risasi za mazoezi vimeifikisha safari nzima kwenye 700 na kitu, kwa hiyo anayeniuliza bastola nafuu ni ya shilingi ngapi nitamwambia aiongeze mara mbili bei aliyoiona. G3C ingeniachia dola 60 na haikokiki kwa mkono wangu. Kwa mwenye vidole vizima na mfuko mdogo, ningemwambia aichukue bila wasiwasi, na ajaribu kwanza kwa kukodi.

Naichukua Jumamosi. Haiendi saluni. Mama wa Uvira ana miadi tarehe 14.